Kiraka cha Kaptula

KIDOLE: Haloo, nani mwenzangu?

FUNDI: Mimi.

KIDOLE: Mimi nani? Namba siijui. Kama ni kusukwa, leo nimejaa mpaka—

FUNDI: Kaka yako! Fundi makochi. Au siku hizi mpaka nijieleze?

KIDOLE: He! Kaka, shikamoo. Sasa mbona namba ngeni?

FUNDI: Marahaba. Ile laini yangu nimeizima. Inalia toka asubuhi haina breki. Hii ni ya zamani, nimeiokota kwenye droo, salio lenyewe la kuombea dua. Kwa hiyo, Kidole, tafadhali, nisikilize bila—

KIDOLE: Inalia! Si nilikwambia italia? Nikasema, nikasema, ukaniona sijielewi. "Mdogo wangu, nani ananunua kochi kwenye simu?" Haya, wananunua, hawanunui?

FUNDI: Kidole—

KIDOLE: Posti imefika kwa watu hatuwajui mbele wala nyuma! Samahani mama, inamisha kichwa kidogo. Hapo hapo. Kaka, niko na mteja kitini, simu nimeibana kwa bega. Ukisikia nimepotea ujue imeangukia kwenye nywele za watu.

FUNDI: Ifute.

KIDOLE: Nini?

FUNDI: Hiyo posti. Ifute. Sasa hivi.

(mkwaruzo)

KIDOLE: Mtandao wako unakata. Nimesikia kama "ifute".

FUNDI: Umesikia sawasawa.

KIDOLE: Kaka, umekula leo?

FUNDI: Sijala! Toka jana sijala cha maana. Wifi yako hayupo.

KIDOLE: Sasa wifi kutokuwepo na wewe kutokula vinahusiana nini? Mikono huna?

FUNDI: Kidole, wifi yako ameondoka. Ameenda kwao. Na begi.

KIDOLE: Begi dogo au lile kubwa?

FUNDI: Lile la magurudumu.

KIDOLE: Mama yangu! Umemfanya nini?

FUNDI: Mimi? Umemfanya wewe! Wewe na hicho kidole chako. Tangu mdogo mama alikuwa anasema, huyu kila kitu lazima akichokonoe, ndiyo maana tukakuita hivyo. Sasa umechokonoa ndoa yangu.

KIDOLE: Ngoja ngoja ngoja. Ngoja nikuweke spika niendelee kusuka, maana shingo—

FUNDI: Usiniweke spika! Uko kwenye saluni yenye wanawake wangapi hapo? Unataka nikatangazwe?

KIDOLE: Wako wachache tu.

FUNDI: Wachache wanatosha! Bana na bega hivyohivyo. Nakwambia hivi, yale makochi uliyoyaweka jana, ya kabla na baada, unajua ni ya nani?

KIDOLE: Ya mteja. Ulinitumia picha mwenyewe.

FUNDI: Nilikutumia kwa sababu ulinipa amri! "Kaka, kila kazi unayomaliza, nitumie picha ya kabla na picha ya baada. Usiniulize, tuma." Basi mimi nikawa kama mashine. Nimefungua kitambaa, piga picha. Nimeweka sponji mpya, piga picha. Nimetuma hata sikufikiria. Kidole, yale makochi ni ya mama mkwe.

(mkwaruzo)

KIDOLE: Ya... ya mama mzazi wa wifi?

FUNDI: Nina mama mkwe mwingine?

KIDOLE: Uwii!

FUNDI: Ndiyo. Sasa umeanza kunielewa.

KIDOLE: Mbona hukuniambia? Siku ya harusi yenu nilikaa kwenye hayohayo makochi lakini yalifunikwa vitambaa vya kufuma juu mpaka chini, ningejuaje? Wewe umeandika tu "ona kazi hii." Mimi nikaona kazi.

FUNDI: Na ukaandika nini juu yake? Nisomee ulichoandika.

KIDOLE: Kaka—

FUNDI: Nisomee.

KIDOLE: (sauti ya chini) "Kutoka kiraka cha kaptula mpaka kiti cha kifalme."

FUNDI: Kiraka cha kaptula.

KIDOLE: Lakini ndiyo kilichowashika watu! Kaka, wewe huelewi mambo haya. Watu hawashikwi na kochi zuri. Makochi mazuri yamejaa mtandaoni, mtu anayapita tu. Kinachomsimamisha mtu ni kitu anachokijua. Sasa kiraka cha bluu cha kaptula ya shule kwenye mkono wa kochi, nani hajakiona kwao? Ona komenti, kila mtu anasema "hapa ni kwetu kabisa," anamwita mwenzie, mwenzie anacheka, naye anashea. Hivyo ndivyo biashara inavyotembea. Si zile picha zako za zamani, umepiga kochi gizani na kidole gumba kimo ndani, umeandika "Makochi yapo." Namba yenyewe uliikosea!

FUNDI: Kidole, usinipeleke huko.

KIDOLE: Watu walikuwa wanampigia muuza kuku!

FUNDI: Nimesema usinipeleke huko! Sikiliza. Hao wanaocheka, wanamcheka mama mkwe. Kile kiraka mtaa mzima unakijua. Alikipiga kwa kaptula ya mwanawe, shemeji yangu yule aliye mbali, ile aliyoanzia shule. Mgeni akiingia mama anamwonyesha, "Hii kaptula mwanangu alikuwa nayo mdogo hivi." Wenzake wa kikundi wamesikia hadithi hiyo mpaka wameikariri. Sasa wakaona kwenye simu.

KIDOLE: Basi si wanajua ni kochi lake, limekarabatiwa, limependeza. Aibu iko wapi hapo?

FUNDI: Aliwaambia ni mapya.

KIDOLE: Aaah.

FUNDI: Aliwaambia shemeji ameyaagiza. Dukani. Kwamba mwanangu kanikumbuka, kaniletea makochi, njooni muone. Akawaita, wakaja, wakakaa, wakasifia, wakamwombea kijana baraka. Jana asubuhi. Jana jioni wewe ukapost.

KIDOLE: Mungu wangu.

FUNDI: Usiku huohuo mmoja wao akarudi na wenzake mpaka mlangoni kwake, simu mkononi. "Mama, mbona haya mapya yana kiraka cha zamani?" Mbele ya wote. Unaambiwa mama aliingia ndani akajifungia.

KIDOLE: Na alikuwa anajua ni wewe uliyeyatengeneza? Namaanisha, hakutaka kusema ni zawadi ya mkwe wake?

FUNDI: Mimi sikutaka asante, Kidole. Niliyafanya bure kwa sababu wifi yako alisema mama anakalia springi. Mama alivyosema ni ya shemeji nikanyamaza. Nikasema kama hilo linampa raha, shida yangu nini? Yule kijana hata simu hapokei. Tangu harusi yetu hajakanyaga hapa. Mama ukimuuliza anakwambia, "Mwanangu ana kazi nyingi, halafu huko aliko hata mtandao hakuna."

KIDOLE: Maskini. Geuka kidogo, mama. Hapana, si wewe kaka. Na wewe saa hizi uko wapi?

FUNDI: Niko kwa mama mkwe. Uani. Nimekalia kochi.

KIDOLE: Alaa, basi amekukaribisha, si mbaya—

FUNDI: Kidole, nimesema nimekalia kochi uani. Ameyatoa nje! Yeye na wifi yako wameyasukuma wenyewe, lile refu na vile vidogo viwili. Nimekuja kumchukua mke wangu nikayakuta yamepangwa hapa kama msiba. Nimegonga geti mpaka vidole vimevimba. Geti lenyewe analifunga kwa ndani na kipande cha nondo, anafanya hivyo toka zamani, shemeji alipokuwa anatoroka kwenda kwenye mpira. Nimefunguliwa hata salamu hakuitikia. Amesema neno moja tu, "Chukua vitu vyako." Halafu mlango, paa!

KIDOLE: Na wifi?

FUNDI: Yuko dirishani. Naona pazia linavyotikisika. Amenitumia ujumbe, tuko hatua chache tu, ananitumia ujumbe! Anasema, "Picha ikitoka nitatoka."

KIDOLE: Amesema hivyo?

FUNDI: Hivyohivyo. Na juu huku wingu limetanda, jeusi. Mvua ikinyesha hii sponji yote ni uji. Kwa hiyo nakuomba, mdogo wangu, kwa heshima zote, kamata simu yako nyingine ufute.

(mkwaruzo)

KIDOLE: ...sikusikia mwisho.

FUNDI: UFUTE!

KIDOLE: Usinipigie kelele, mteja kashtuka! Kaka, na mimi nisikilize. Unakumbuka tulikotoka? Karakana ilikuwa kimya mpaka ukawa unaikarabati benchi yako mwenyewe. Nimekaa na ukurasa wako usiku na mchana, najibu watu, nabembeleza watu, nasuka huku nasoma komenti. Leo mwenye gesti ameandika. Ana mapokezi, ana vyumba, anataka kila kiti kivalishwe upya. Amesema, "Nimeona kile kiraka nikacheka, nikajua huyu fundi hafichi kitu."

FUNDI: Mwenye gesti yupi?

KIDOLE: Si unaona! Umeuliza mwenyewe!

FUNDI: Nimeuliza tu.

KIDOLE: Posti ya namna hii haiji mara mbili. Nikiifuta inakufa ikiwa bado inatembea. Nifanye hivi, nitoe ya kabla, nibakize ya baada?

FUNDI: Wifi yako anataka zote zitoke.

KIDOLE: Sawa, lakini umwambie ukweli, hata nikifuta, watu wameshapiga picha ya skrini. Imeshaenda kwenye magrupu. Haiwezi kurudi ndani.

FUNDI: Najua! Unadhani sijui? Nimeona mpaka kwa muuza vocha hapa njiani, ananiambia, "Fundi, umetoa kitu!" Nilitaka nimrushie kiatu. Lakini mama akiambiwa imefutwa, atajua mimi nimeifuta. Kwake hicho ndicho cha maana. Mimi naangalia mlango uliofungwa hapa, wewe unaniambia magrupu! Unajua nilipokuwa navua kile kitambaa cha zamani, mama alikuja kusimama karakana. Anazunguka-zunguka. Nikadhani anakagua kazi. Kumbe anasubiri kile kiraka. "Baba, usikitupe hicho." Nikakifumua taratibu nikampa. Akakikunja, akakitia mfukoni. Mpaka leo kiko kwenye mfuko wa sweta, anatembea nacho.

KIDOLE: Kaka, basi. Nafuta.

FUNDI: Asante.

KIDOLE: Usinishukuru, ninalia huku. Mama samahani, naomba nikuache kidogo, shika hiki kichana. Hapana, hamna msiba. Ni mambo ya familia.

FUNDI: Unawaambia nini hao?

KIDOLE: Siwaambii kitu! Tulia. Nafungua ukurasa. Mtandao nao... unazunguka tu, unazunguka...

FUNDI: Tone limenidondokea.

KIDOLE: Subiri. Umefunguka. Lo, inboksi imejaa, kaka, imefurika. Nitapoteza wote hawa?

FUNDI: Kidole.

KIDOLE: Nafuta, nafuta. Naangalia tu kama kuna wa haraka nisiyemjibu. Huyu nilimjibu. Huyu nilimjibu. Huyu wa jana usiku nilimwambia "karibu sana mteja wetu," akaandika tena, sikuona. Huyu...

(kimya)

FUNDI: Haloo? Umekatika?

KIDOLE: Kaka.

FUNDI: Nini tena?

KIDOLE: Yule kaka yake wifi. Aliyecheza siku ya harusi yenu mpaka suruali ikapasuka nyuma.

FUNDI: Shemeji. Amefanyaje?

KIDOLE: Sura yake unaikumbuka? Ana mwanya, halafu nyusi moja imekatika hapa?

FUNDI: Nyusi alianguka mtini. Kwani vipi?

KIDOLE: Yuko huku. Kwenye inboksi. Jina kajiita Mzee wa Kazi, lakini picha ni yeye. Nimeikuza. Ni yeye, kaka, kanenepa tu.

FUNDI: Haiwezekani. Nimekwambia yuko mbali. Mama anasema huko hata mtandao hakuna.

KIDOLE: Mtandao anao, kaka.

(mkwaruzo)

FUNDI: Ameyajua makochi? Amekasirika?

KIDOLE: Anauliza bei.

FUNDI: Bei ya nini?

KIDOLE: Seti kama ile. Ngoja nikusomee. "Habari fundi, nimependa kazi yako. Seti kama hiyo ya picha ya pili ni bei gani?" Hapo nikamjibu karibu mteja. Akaandika, "Mnaleta mpaka nyumbani? Nimehamia nyumba mpya, nyuma ya hospitali kubwa, geti jeusi. Sebule bado tupu."

FUNDI: Hospitali kubwa ipi?

KIDOLE: Ndivyo alivyoandika. Kwani kwenu huko ziko ngapi?

FUNDI: Iko moja. Nikisimama hapa kwenye kochi naliona paa lake.

KIDOLE: Lo.

FUNDI: Kuhamia, amehamia lini?

KIDOLE: Hajasema. Kaka, kuna nyingine chini.

FUNDI: Soma.

KIDOLE: Nisiisome.

FUNDI: Soma, Kidole, salio linakwisha.

KIDOLE: "Halafu hicho kiraka kimenivunja mbavu. Nyumbani kwetu tulikuwa na kochi lina kiraka cha kaptula yangu hivyohivyo. Kumbe hatukuwa peke yetu." Na ameweka vikatuni vya kucheka. Vingi.

(kimya kirefu)

KIDOLE: Kaka? Uko?

FUNDI: Nipo. Mshenzi huyu.

KIDOLE: Usitukane.

FUNDI: Mshenzi! Mtu yuko umbali wa kutembea kwa miguu, mama yake anamtungia uongo mchana kweupe, anajidhalilisha mbele ya kikundi ili yeye aonekane mtoto wa maana, naye anacheka! Anaicheka kaptula yake mwenyewe!

KIDOLE: Hajui, kaka. Anadhani ni la watu wengine.

FUNDI: Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi! Ningekuwa na nguvu ningembebea hili kochi mpaka kwenye hilo geti lake jeusi, nikalitupa hapo, nikamwambia—

KIDOLE: Shh! Punguza sauti, mama atakusikia.

FUNDI: Katoka.

KIDOLE: Nani katoka?

FUNDI: Mama mkwe. Mvua imeanza. Kabeba turubai, anataka kuyafunika. Peke yake, upepo unamnyang'anya. Mama, acha, nakuja! Acha mama, nitafunika mimi!

KIDOLE: Msaidie, kata simu!

FUNDI: Ngoja. (sauti ya mbali) Eh? Hapana mama, si mtu. Ni mteja. Mteja tu, mama. Anaulizia bei.

KIDOLE: Kaka, unamwambiaje hivyo?

FUNDI: Nimwambie nini? Wewe ungemwambia nini? Sema!

KIDOLE: Sijui.

FUNDI: Basi. Mwandikie huyo mteja wako.

KIDOLE: Nimwandikie bei?

FUNDI: Mwandikie hivi. Uko tayari? Andika. "Kiraka ni hichohicho. Makochi ni ya mama yako."

KIDOLE: "...ya mama yako." Haya.

FUNDI: "Yako uani, yananyeshewa."

KIDOLE: "Yananyeshewa." Polepole, mikono ina mafuta.

FUNDI: "Wa kuyabeba ni mimi na yeye na dada yako, na lile refu ni zito." Basi. Tuma.

KIDOLE: Niweke "karibu mteja wetu" mwishoni?

FUNDI: Kidole, nitakuja kukunyoa!

KIDOLE: Nimezoea tu! Haya, nimetuma. Imekwenda.

FUNDI: Akishaisoma, ndiyo ufute posti yote. Kabla na baada. Na yule wa gesti mwambie aje karakana nitampokea, akitaka picha nitampiga yeye na viti vyake, kwa ruhusa yake.

KIDOLE: Na kuanzia leo ukinitumia picha useme ya nani.

FUNDI: Kuanzia leo unaniuliza kabla ya kuweka!

KIDOLE: Nitakuuliza, nawe useme!

FUNDI: Haya, nakata, nikabebe. He! Wifi yako katoka.

KIDOLE: Kweli? Lakini posti bado ipo!

FUNDI: Katoka kwenye mvua hivihivi. Kashika upande ule wa kochi, haniangalii usoni, lakini kashika. Nakuja, mke wangu, usiinue peke yako! Kidole, salio limebaki la dakika moja hapa, simu inapiga mlio.

KIDOLE: Kaka! Ameisoma!

FUNDI: Anasemaje?

KIDOLE: Bado. Anaandika.

FUNDI: Anasemaje, Kidole?

KIDOLE: Anaandika tu. Ameacha. Anaandika tena.

FUNDI: Nakuja mama! Eh? Mama anauliza kama mteja ameridhika na bei.

KIDOLE: Yarabi.

FUNDI: Anasema nimpunguzie. Turubai limemfunika nusu, maji yanamchuruzika usoni, anasema, "Mpunguzie baba, usimwache mteja aende hivihivi." Unamsikia?

KIDOLE: Namsikia.

FUNDI: Kidole, ameandika nini? Haraka, mlio huu ni wa mwi—

(mlio)

KIDOLE: Kaka? Haloo? Ngoja, imeingia. Anauliza, "Geti la uani bado linafungwa kwa ndani?" Kaka! Haloo? Kaka, limeisha salio? Kaka, toeni nondo kwenye geti. Haloo? Lifungueni geti!